Tulikwenda kwa Mwendo Gani?



Umekwisha jifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Katika somo hili utazitumia hesabu hizo kupima safari. Weka daftari na kalamu karibu nawe. Ukifika penye hesabu usiiruke. Ifanye mwenyewe kwanza, kisha utazame sisi tulivyoifanya.

Sisi watu wa Ukonga tunasafiri kila siku. Wako wanaokwenda Kariakoo kununua bidhaa za kuuza. Wako wanaofanya kazi katika viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wengi bado wanaiita Barabara ya Pugu. Wako wanaopanda Kisarawe kufuata mihogo na mkaa. Kila mmoja wao, kabla hajatoka nyumbani, hujiuliza: nitafika saa ngapi? Wengi hujibu kwa kubahatisha. Lakini swali hilo lina hesabu yake.

MWENDO NI NINI?

Gari likienda kilometa 40 kwa saa 1, tunasema mwendo wake ni kilometa 40 kwa saa. Likienda kilometa 80 kwa saa 2, mwendo wake ni ule ule, kwa sababu 80 ukigawanya kwa 2 unapata 40. Basi njia ni hii:

Kilometa ulizokwenda ÷ saa ulizotumia = mwendo

Tuseme kutoka kituo chetu cha Ukonga mpaka Kariakoo ni kilometa 15. Daladala inaondoka saa 11:00 alfajiri, barabara ni nyeupe, inafika saa 11:30. Imetumia nusu saa. Je, mwendo wake ni upi? Hapa watu wengi hukwama kwa sababu ya ile nusu. Fikiri hivi: kama kwa nusu saa imekwenda kilometa 15, kwa saa nzima ingekwenda mara mbili ya hizo. Kwa hiyo mwendo wake ni kilometa 30 kwa saa.

Sasa daladala hiyo hiyo, njia ile ile, iondoke saa 1:00 asubuhi. Foleni imekwisha shika. Inafika Kariakoo saa 2:30. Imetumia saa 1 na nusu, yaani nusu saa 3. Gawanya kilometa 15 kwa 3, unapata 5. Kila nusu saa imekwenda kilometa 5. Kila saa, kilometa 10.

Angalia jambo moja hapa. Saa 1 na dakika 30 usiiandike 1.30 unapogawanya. Saa ina dakika 60, haina dakika 100. Dakika 30 ni nusu, kwa hiyo andika 1.5. Dakika 15 ni robo, andika 0.25. Kosa hili dogo huharibu hesabu nzima.

Kilometa 10 kwa saa ni mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32, akavunja rekodi ya dunia. Ukipiga hesabu utaona kwamba alikwenda zaidi ya kilometa 25 kwa saa. Angeipita daladala yetu ya asubuhi na kuiacha mbali, ingawa yeye mwenyewe asingeweza kukimbia hivyo mpaka Kariakoo!

WASTANI NI KUGAWA SAWA

Tumesema daladala ya saa 1 asubuhi ilikwenda kilometa 10 kwa saa. Je, njia nzima mwendo wake ulikuwa 10? Hapana. Penye Uwanja wa Ndege ilisimama kabisa. Vingunguti ilisogea hatua kwa hatua. Pengine mahali fulani barabara ilifunguka, dereva akakanyaga mafuta, mshale wa mwendo ukafika 50. Kisha akasimama tena. Hiyo 10 tuliyoipata ni mwendo wa wastani.

Wastani ni kugawa sawa. Mama watatu wanakwenda kuvuna mpunga. Mmoja anapata debe 2, wa pili debe 3, wa tatu debe 7. Wakichanganya pamoja wanapata debe 12, na wakigawana sawa kila mmoja anapata debe 4. Hakuna hata mmoja wao aliyevuna debe 4 hasa. Lakini 4 ndiyo wastani wao.

Mwendo wa wastani ni hivyo hivyo. Unachukua kilometa zote za safari, unazigawa sawa katika saa zote za safari. Saa za kusimama kwenye foleni zimo. Saa za kungoja abiria kituoni zimo. Saa ya dereva kushuka kununua vocha imo pia.

Hapo ndipo utakapoelewa mabasi yale ya Dar es Salaam yaliyoanza kubeba abiria mwezi Mei 2016 kati ya Kimara na mjini. Watu waliyaita "mwendokasi". Injini zake hazina miujiza. Daladala nayo, barabara ikiwa wazi, inaweza kukimbia kama basi hilo. Tofauti ni kwamba basi lile lina njia yake peke yake, halikai kwenye foleni. Hata mshale wa mwendo usipopanda kuliko wa daladala, wastani wake unakuwa mkubwa.

MTEGO WA SAFARI YENYE SEHEMU MBILI

Sasa tunafika penye shida yenyewe. Mtu ametoka Ukonga asubuhi kwa mwendo wa wastani wa kilometa 10 kwa saa. Usiku sana amerudi, njia ni nyeupe, kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa. Je, wastani wa kwenda na kurudi ni ngapi?

Swali hili nimeliuliza katika madarasa mengi ya kisomo. Karibu kila darasa hujibu haraka: "Ishirini, mwalimu!" Wamejumlisha 10 na 30, wakapata 40, wakagawanya kwa 2. Jibu hilo si sahihi. Turudi kwenye njia yetu, kilometa zote kwa saa zote.

Kwenda: kilometa 15, saa 1 na nusu.
Kurudi: kilometa 15, nusu saa.
Jumla: kilometa 30, saa 2.
30 ÷ 2 = 15.

Wastani ni kilometa 15 kwa saa. Ile 5 imekwenda wapi? Haikuibiwa. Tazama muda. Kwa mwendo wa 10 msafiri alikaa saa 1 na nusu. Kwa mwendo wa 30 alikaa nusu saa tu. Sehemu ya polepole imekula muda mara tatu, kwa hiyo imeuvuta wastani kuelekea kwake. Ni kama chai: ukitia vikombe vitatu vya chai isiyo na sukari na kikombe kimoja chenye sukari katika birika moja, hutapata utamu wa katikati.

Njia ya kujumlisha miendo miwili na kugawanya kwa 2 huwa sahihi kama muda wa sehemu zote mbili ni sawa. Gari likienda saa 1 kwa mwendo wa 40, kisha saa 1 nyingine kwa mwendo wa 60, limekwenda kilometa 100 kwa saa 2, na wastani ni 50. Lakini safari zetu mara chache huwa hivyo. Barabara hugawanywa kwa kilometa, si kwa saa.

Hebu tumtazame mchuuzi wa baiskeli. Anatoka Gongo la Mboto kwenda Kisarawe. Njia inapanda vilima vya Pugu na baiskeli ina mzigo, kwa hiyo mara nyingi anasukuma. Tuseme njia ni kilometa 12 na mwendo wake ni kilometa 4 kwa saa. Atatumia saa 3. Kurudi anateremka kwa mwendo wa kilometa 12 kwa saa, anatumia saa 1. Jumla ni kilometa 24 kwa saa 4. Wastani wake ni kilometa 6 kwa saa.

Sasa mchuuzi huyu anasema: "Nimechelewa kupanda. Lakini nitakimbiza wakati wa kuteremka, ili wastani wangu uwe 8." Je, ateremke kwa mwendo gani? Piga hesabu kabla hujaendelea kusoma.

Wastani wa kilometa 8 kwa saa, kwa kilometa 24, unataka saa 3. Lakini saa 3 zote amekwisha zitumia kupanda! Hana hata dakika moja ya kuteremkia. Hata akipewa ndege kutoka pale uwanjani, hawezi kuupata wastani huo. Muda uliokwisha liwa na mlima haurudi.

DEREVA ANAYETAKA KUFIDIA

Hesabu ya mchuuzi inaweza kukuchekesha. Katika basi haichekeshi.

Chukua basi linalotoka Kituo Kikuu cha Mbezi kwenda Morogoro. Chalinze iko karibu na katikati ya safari hiyo. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme Mbezi mpaka Chalinze ni kilometa 80, na Chalinze mpaka Morogoro ni kilometa 80 nyingine. Dereva amepanga kwenda kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa. Lakini Kibaha kuna malori, Mlandizi kuna malori. Mpaka Chalinze ametumia saa 2 kamili. Mwendo wake ni 40. Anapotoka Chalinze anaanza kukimbiza.

"Dereva mwanangu, punguza mwendo," anasema mama mmoja aliyekaa nyuma yake.

"Mama, tumechelewa. Acha nifidie."

Mimi neno hili "kufidia" silipendi hata kidogo, na hesabu itaonyesha sababu. Kilometa 160 kwa wastani wa 60 zinataka saa 2 na dakika 40. Saa 2 zimekwisha. Zimebaki dakika 40 za kwenda kilometa 80. Ili afike kwa dakika 40, lazima aende kilometa 120 kwa saa, bila kupunguza hata mara moja, kupita Mdaula, Bwawani, Mikese na Kingolwira, mahali penye watoto wa shule, ng'ombe na wauza matunda. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu basi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Penye makazi hairuhusu kuzidi 50.

Sasa tumpe dereva mwendo wa 80 unaoruhusiwa. Kilometa 80 zitamchukua saa 1. Tofauti kati ya 120 na 80 ni dakika 20 tu. Akipunguza vijijini kama sheria inavyotaka atachelewa zaidi kidogo. Dakika hizo ndizo anazozinunua. Na bei yake?

Basi linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kwa kila sekunde. Likienda 120 hupita mita 33. Mtoto akikatiza barabara, dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua na kupeleka mguu kwenye breki. Katika sekunde hiyo basi bado linakimbia kama kawaida. Na breki ikishika, umbali wa kusimama hauongezeki kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo ukiwa mara moja na nusu, umbali wa kusimama huwa mara moja na nusu ya mara moja na nusu, yaani zaidi ya mara mbili. Kama kwa mwendo wa 80 basi lingesimama hatua chache kabla ya mtoto, kwa mwendo wa 120 litampita.

Kwa hiyo abiria ukiona dereva anafidia, usinyamaze. Mwulize kama mama yule: "Utaokoa dakika ngapi?" Dereva wengi hawajawahi kuipiga hesabu hiyo.

Katika nchi nyingine hesabu ya wastani hutumika kuwakamata madereva. Uingereza na Italia zina barabara zenye kamera mbili zilizo mbali. Ya kwanza huandika saa gari lilipopita, ya pili vile vile. Umbali kati yake unajulikana. Mashine inagawanya kilometa kwa saa, basi. Dereva anayepunguza mwendo mbele ya kamera na kukimbiza akishaipita haponi, maana wastani wake umekwisha msema.

TENGENEZA SEHEMU YA POLEPOLE

Tuseme mama mjamzito ameshikwa na uchungu usiku wa masika. Nyumba iko ndani, kilometa 5 kutoka barabara ya lami. Njia ina mashimo na tope. Bajaji inakwenda kilometa 5 kwa saa, watu wanaisukuma. Wakifika lami wanapata gari, na hospitali iko kilometa 15 mbele. Gari linakwenda kilometa 30 kwa saa. Tope linakula saa 1, lami inakula nusu saa. Jumla saa 1 na nusu.

Njia ya kwanza ya kuokoa muda: dereva wa gari akimbie mara mbili, kilometa 60 kwa saa. Lami itakula robo saa. Umeokoa dakika 15, na umemtia mgonjwa hatarini.

Njia ya pili: gari liende vile vile 30, lakini njia ya ndani iwe imezibwa mashimo na kuchimbwa mifereji, bajaji iende kilometa 10 kwa saa tu. Kilometa 5 zitakula nusu saa. Umeokoa dakika 30.

Kilometa 5 za tope zina thamani kuliko kilometa 15 za lami. Watu wa mtaa wakikutana kuzungumza juu ya njia yao, hesabu hii waandike ubaoni, na diwani wao aione. Ndivyo ilivyofanyika hata katika barabara kubwa. Pale TAZARA magari ya Barabara ya Nyerere yalikuwa yakingoja sana kwenye taa. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja la juu, Daraja la Mfugale, na magari hayo sasa hupita juu ya makutano. Hakuna aliyewaambia madereva wakimbie zaidi. Mahali pa kusimama pameondolewa.

TRENI NAYO INA WASTANI

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ilifika Morogoro. Tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ya reli mpya, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili. Kwa watu wa Ukonga kituo cha karibu ni Pugu. Njia kuu ya reli hiyo mpaka Morogoro ni kilometa 205, na imejengwa ili treni ya abiria iweze kufika kilometa 160 kwa saa.

Basi watu husema: "Treni inakwenda 160." Chukua treni inayosimama njiani na kutumia saa 2. Gawanya 205 kwa 2: wastani ni kilometa 102 na nusu kwa saa. Kila kituo treni hupunguza, husimama, huanza tena polepole.

Na safari yako wewe si ya treni tu. Kama umetumia saa 1 kutoka nyumbani mpaka kituoni, ukangoja saa 1, kisha treni saa 2, umetumia saa 4. Kwa safari ya kama kilometa 200, wastani wako ni 50.

Ukipewa tiketi, soma saa kwa uangalifu. Huandikwa kwa desturi ya kigeni inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Toa 6 upate saa yetu: 09:30 ni saa 3:30 asubuhi, 16:00 ni saa 10 jioni. Ikiandikwa 06:00, hiyo ni saa 12 asubuhi. Treni haimngojei aliyesoma vibaya.

MAZOEZI

1. Mwuza maziwa anatoka Pugu kwenda Ukonga kwa baiskeli, kilometa 6, kwa nusu saa. Anarudi njia ile ile kwa saa 1. Wastani wa safari nzima ni ngapi?

2. Lori linakwenda kilometa 100. Kilometa 20 za kwanza zina foleni, zinachukua saa 1. Kilometa 80 zilizobaki zinachukua saa 1. Wastani ni ngapi? Kwa nini mara hii ukijumlisha miendo miwili na kugawanya kwa 2 unapata jibu lile lile?

3. Dereva wetu wa Morogoro, akiwa Chalinze, anasema anataka wastani wa kilometa 80 kwa saa kwa safari nzima. Mweleze kwa hesabu kwa nini hawezi.

4. Kwa siku tatu, andika saa uliyotoka nyumbani na saa uliyofika kazini au sokoni. Andika pia ulisimama wapi na kwa dakika ngapi. Leta daftari lako darasani mlinganishe na wenzako.

Majibu: (1) Kilometa 8 kwa saa. (2) Kilometa 50 kwa saa. Muda wa sehemu zote mbili ni sawa. (3) Kilometa 160 kwa wastani wa 80 zinataka saa 2, naye saa 2 amekwisha zitumia.